Uzoefu wa Mhudumu wa Afya Uhesabiwe Siku ya Kuajiriwa

Kutoka Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga ni mwendo wa kilometa zipatazo 65. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua hawezi kuumaliza mwendo huo salama asipohudumiwa mapema pale alipo. Uhai wake humtegemea kwanza mkunga aliye karibu, anayetambua hatari kabla shinikizo la damu halijashuka na ambaye mikono yake imekwisha kuizoea kazi hiyo. Ujuzi wa namna hiyo hauji kwa cheti peke yake. Huja kwa miaka.

Mfumo wetu wa ajira, hata hivyo, hauuthamini ipasavyo. Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye stashahada huajiriwa serikalini kwa Daraja la II, ngazi ya mshahara TGHS B. Aliyehitimu juzi na aliyetumika miaka kumi katika hospitali ya misheni au ya binafsi huingia kwa mlango huo mmoja, na kwa kawaida huanza na mshahara ule ule.

Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000. Hatua hiyo inastahili pongezi. Lakini kima cha chini hulinda maisha ya mwenye kipato kidogo. Thamani ya ujuzi uliokomaa inahitaji kipimo chake.

Zipo hoja mbili za kupinga. Kwanza, walio kazini watanung'unika wakipitwa na mgeni. Hoja hii ni nzito, maana wapo waliosubiri kupandishwa madaraja kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo sipendekezi mgeni apewe cheo. Napendekeza apewe nyongeza ndani ya ngazi ile ile: kila miaka miwili iliyothibitishwa ihesabiwe nyongeza moja ya mwaka, na asimzidi mtumishi wa kada yake mwenye miaka sawa kazini.

Pili, kuna hofu ya udanganyifu. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 ulitufunza kuwa hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo, miaka ya kazi ina mashahidi: usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, pamoja na michango ya NSSF iliyokatwa kila mwezi. Barua ya mwajiri inaweza kughushiwa. Michango ya miaka kumi ni vigumu.

Gharama ikiogopwa, utaratibu huu uanzie vituo vya pembezoni kama vya Mkinga, ambako rufaa iko mbali. Ofisi ya Rais, Utumishi, ndiyo yenye kalamu ya miundo ya utumishi. Nasi wahudumu na wagonjwa tulidai jambo hili kwa pamoja, kwani mkunga mzoefu akikosa sababu ya kuja Horohoro, wa kwanza kupungukiwa ni mama aliye kitandani.