Kuta za Chokaa na Mashine za Maji

Mwenye nyumba atakaye kuondoa kuvu na weusi wa mvua ukutani huona njia mbili: kukodi mashine ya maji ya kasi aoshe mwenyewe, au kumlipa fundi. Kwa nyumba ya matofali ya saruji hatuna ugomvi na ajioshee, mradi asipande ngazi na mashine mkononi, kwani humsukuma mtu nyuma.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mashine ndogo husukuma maji kwa shinikizo la baa 100 hivi. Maji ya bomba aghalabu hayafiki 5. Lipu hubanduka, maji hupenya, na ukuta ukaukapo chumvi hutokeza. Kisha huzibwa kwa saruji, nayo huufungia unyevu ndani!

Fundi asiyejua chokaa ataharibu vilevile, tena kwa malipo. Akiitaja mashine kabla hajaugusa ukuta, na aende zake. Kuvu hutoka kwa brashi laini na maji ya ndoo, kazi ambayo mwenye nyumba aiweza; lipu iliyolegea imngoje fundi wa chokaa, hata ikibidi mpaka masika yapite.