Ondoeni matatu, msongamano utabaki

Msongamano wa Nairobi ukikaza, lawama zote huangukia matatu. Utazisikia redioni asubuhi, utazisikia ofisini, na mara nyingi anayezitoa ameketi peke yake ndani ya gari la watu watano pale Uhuru Highway, akishangaa mbona barabara imejaa. Imejazwa na nani?

Tupige hesabu. Gari dogo, pamoja na nafasi linayoiacha mbele yake, hula kama mita saba za barabara. Abiria 14 wa matatu moja ya aina ya nissan wakipewa kila mtu gari lake, foleni yao itafika mita mia moja hivi. Wale wa basi la viti 33 watapita mita 230. Nissan yenyewe, na kelele zake zote, haimalizi mita kumi.

Sisemi matatu ni malaika. Hupanda kando ya barabara na kusimama popote abiria anapopunga mkono. Lakini dereva ana kiasi cha kumpelekea mwenye gari jioni, inyeshe isinyeshe. Kinachobaki ndicho chake na makanga. Ndiyo maana gari hukaa steji likinguruma hadi lijae, na likishajaa hukimbizwa. Ukimtoza faini leo, kesho atakimbia zaidi ili airudishe.

Na dawa ya kuzifukuza mjini tulishaionja. Desemba 3, 2018, ilianza kazi amri ya gavana wa wakati huo, Mike Sonko, kwamba matatu ziishie pembezoni mwa jiji. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wakashushwa Ngara na Muthurwa wamalizie safari kwa miguu. Siku hiyohiyo amri ikasitishwa. Wenye magari yao, bila shaka, waliingia mjini kama kawaida.

Nimetaja miguu, na hapa ndipo hadithi ya matatu inapotupofusha kabisa. Takriban safari nne kati ya kumi za jiji hili ni za kutembea. Nenda barabara ya Lunga Lunga alfajiri uwaone watu wa mtaa wa Mukuru wakielekea viwandani: mstari mrefu ukingoni mwa lami, viatu vya kazi mfukoni, ndara miguuni, na kila lori likipita mstari mzima unajibanza upande wa mtaro. Hawa hawaleti msongamano wa mtu yeyote. Hata njia ya miguu tunawapimia kwa kijiko, na ikipatikana, gari huegeshwa juu yake.

Pesa kubwa, basi, zimekwenda wapi? Barabara ya Thika ilipanuliwa, ikazinduliwa 2012, na ikajaa tena. Baadaye ikapakwa mstari mwekundu wa kutenga njia ya mabasi ya mwendo kasi. Rangi ilikuja, mabasi hayakuja. Mwaka wa 2022 ikafunguliwa Expressway, kilomita 27 za kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, bila hata njia moja iliyotengewa mabasi.

Basi tufanye jaribio lingine. Gari lililoegeshwa katikati ya mji hukalia nafasi yake kutwa nzima kwa ajili ya mtu mmoja aliye orofani. Gavana ajaye aondoe maegesho upande mmoja wa Kenyatta Avenue, awape mabasi na waenda kwa miguu nafasi hiyo kwa mwezi mmoja tu. Tutajua kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya kwanza ni nani hasa mwenye vurugu katika mji huu.