Hewa ya Uvira Haikuchafuka Yenyewe



Imezoeleka kusemwa kwamba hewa chafu ni taabu ya Kinshasa au Nairobi, miji yenye magari yasiyohesabika. Sisi wa Uvira, twaambiwa, tuna ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Hewa itatoka wapi kuchafuka? Tunaupinga usemi huo. Yeyote atakayesimama asubuhi moja ya kiangazi kando ya Barabara ya Taifa nambari 5, wanafunzi wakienda shuleni, atalisoma jibu katika mashati yao meupe.

Mji wetu ni mrefu na mwembamba. Umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, tangu Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi hadi bandari ya Kalundu. Njia kuu ni moja. Humo hupita malori ya bandari, teksi-moto, mama wenye mizigo kichwani, watoto na wagonjwa. Wachuuzi wamepanga bidhaa ukingoni mwake, mafundi wa magari hufanya kazi papo hapo, na shule nyingine zimefungua milango yake humo humo. Hivyo moshi wa dizeli na vumbi la magurudumu huwakuta watu wengi mahali pamoja. Jioni makaa yanapowashwa na taka kuchomwa uani, upepo ukitulia, moshi hubaki chini kati ya nyumba zilizosongamana.

Sisi tuliofundisha katika madarasa yanayopakana na barabara twayajua haya. Tulipofungua madirisha, vumbi lilifunika ubao na malori yakameza sauti yetu. Tulipoyafunga, joto likawalaza wanafunzi. Tuliwafundisha walimu vijana jinsi ya kupaza sauti. Hatukuuliza hata siku moja ni nani aliyeamua shule ikae pale.

Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani, husababisha vifo vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka. Chembe zake ndogo kabisa hupenya mapafu na kuingia katika damu, zikaudhuru na moyo pia.

Wako wanaomlaumu mwendesha teksi-moto. Kijana huyo hakuuchora mji. Yeye huwabeba watu ambao soko, shule na hospitali vimewekwa mbali nao. Kosa limeanza pale ardhi ilipogawanywa. Tukumbuke usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Tuliyaita maafa ya mvua. Lakini watu walikuwa wamejenga kingoni mwa mto, na vilima vilikuwa vimekatwa miti. Tope linaloshuka kutoka vilima hivyo ndilo linalokauka wakati wa kiangazi, likapeperushwa kama vumbi. Anayeuza kiwanja kingoni mwa mto na anayeuza hifadhi ya barabara wana dhambi moja: wameuza kilicho cha wote.

Basi tunadai nini? Malori yawe na saa zake na maegesho yake karibu na Kalundu na Kavimvira, yasisubiri mbele ya shule. Kila mtaa upate soko dogo, mama apate kununua kwa kutembea. Ibaki njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, yenye miti, ambayo hakuna awezaye kuigeuza kiwanja. Na mizigo ya Baraka na Kalemie ipite zaidi majini, kwa kuwa ziwa ni njia isiyo na vumbi.

Tutajibiwa kwamba sisi ni maskini. Ni kweli, hatuombi mabasi ya mwendokasi kama yale yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016. Lakini kukataa kutia sahihi hati ya kiwanja barabarani hakugharimu hata faranga moja. Kunataka uaminifu tu. Tena tuna haki: ibara ya 53 ya Katiba ya 2006 inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na wajibu wa kuyatetea. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alihesabu usafiri mbovu wa mijini na hewa yake chafu kati ya mateso ya watu.

Lakini tusiwanyoshee wakubwa kidole huku mikono yetu ikiwa michafu. Ni wangapi kati yetu waumini tumesogeza ua hatua mbili kuelekea njia, au tumechoma plastiki baada ya salongo? Toba na ianzie hapo. Kisha twende katika mikutano ya mtaa tukaulize, kwa heshima na bila kuchoka, kila kiwanja kipya kimekatwa wapi na kwa ruhusa ya nani.

Tutafakari pamoja:
1. Katika mtaa wetu, ni njia au nafasi gani ya wote iliyogeuzwa kuwa mali ya mtu?
2. Watoto wetu wa shule wanapita wapi, nasi tunaweza kuwafungulia njia gani iliyo mbali na malori?