Programu Huria Nayo Ipate Mrithi

Kwa Waganda, msiba hauishi mpaka mrithi asimikwe. Siku ya okwabya olumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba, ukoo hukusanyika, omusika, yaani mrithi, akavikwa lubugo, nguo ya gome la mti, mbele ya watu, na tangu hapo kila mmoja anajua nani wa kuulizwa habari za mji ule. Programu za kompyuta zinazoandikwa hapa hapa Kampala mara nyingi hazipati heshima hiyo. Mwenyewe huondoka kimya, na watumiaji hugundua siku mtambo unapogoma.

Tunazungumzia programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Wengi hudhani uwazi huo unatosha, kwamba mmoja akichoka mwingine ataokota. Lakini leseni hutoa ruhusa tu. Haitoi nywila za seva, hailipi ada, wala haimwelezi mgeni kwa nini kipande fulani kiliandikwa vile.

Uganda ilishaonja matatizo haya. Januari 2012 Wizara ya Afya ilisimamisha miradi ya afya ya kidijitali, kwa sababu majaribio yalikuwa yamezagaa bila kuratibiwa. Iliyodumu ni ile iliyopata mwenyeji. DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ilienea wilayani kwa sababu wizara yenyewe iliipokea kuwa yake. UgandaEMR, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, imelelewa na mradi wa METS wa Chuo Kikuu cha Makerere, kwa fedha za Marekani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kila mradi wa namna hiyo ulilazimika kujiuliza: mfadhili akiondoka, nani atabaki na funguo?

Wala mrithi si yeyote anayejitokeza. Mtunzaji wa xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta nyingi duniani, alielemewa na kazi akamkaribisha msaidizi aliyejiita Jia Tan. Machi 2024 iligundulika kwamba msaidizi huyo alikuwa amepachika humo mlango wa siri wa kuingilia mitambo ya watu. Aliyeugundua, Andres Freund, alishtushwa na ucheleweshaji wa nusu sekunde tu.

Kijana aliyeandika programu kwa kujifurahisha hana deni kwa mtu. Akichoka, aseme kwaheri apumzike. Lakini programu iliyobeba kumbukumbu za wagonjwa ni habari nyingine. Hiyo tunaitaka iwe na watu wawili au zaidi wenye funguo, maelezo yaliyoandikwa, na mrithi aliyefanya kazi na mtunzaji bega kwa bega kabla ya kukabidhiwa. Wafadhili na wizara waliweke hilo kwenye mkataba, pamoja na fungu lake la fedha. Makerere nayo iwape wanafunzi alama kwa kutengeneza msimbo wa wengine, si kwa kuanzisha mpya tu.

Na asipopatikana wa kurithi, mradi ufungwe hadharani: tarehe itangazwe mapema, data ihamishwe, msimbo uhifadhiwe na kuandikwa waziwazi kwamba hautunzwi tena. Kufunga hivyo si aibu. Aibu ni muuguzi kuendelea kuingiza majina ya wagonjwa kila asubuhi katika programu isiyo na mwenyewe.