Itikadi kali ni nini, na nani ataamua?

Vijana wa Kitale na Bungoma! Mnakumbuka Oktoba 15, 2025, Rais Ruto alitia sahihi mabadiliko ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni? Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda kile kipengele kipya cha unyanyasaji mtandaoni, kosa ambalo faini yake hufika milioni 20 au jela miaka 10. Tukashangilia, tukalala.

Sasa soma kifungu cha 6. Kamati ya serikali inaweza kuagiza tovuti au programu ifungwe "ikithibitishwa" inaeneza ugaidi au itikadi kali za kidini. Ithibitishwe mbele ya nani? Hapo hakimu hatajwi kabisa. Na sote tunajua neno hilo humwangukia nani kwanza. Wewe unayerusha darsa laivu, wewe admin wa grupu la msikiti, hii inakuhusu.

Kulalamika kwa status pekee hakutoshi. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda kortini haki zake zikitishiwa, na kesi hiyo haina ada ya kuifungua. Wala si lazima Nairobi: Mahakama Kuu iko Kitale, iko Bungoma.