Mchanga wa Ujiji na Udongo wa Kwihara

Tangu turudi Tabora kutoka ziara ya Ujiji limekuwepo neno linalosemwa barazani na hata mlangoni mwa chuo, kwamba wanafunzi wetu walipelekwa kufinyanga masanamu. Kwa kuwa neno hilo limeshafika kwa wazazi, tumeona ni vyema tutoe rai yetu hapa waziwazi kuliko kuacha watu wanong'one.

Yaliyotokea ni haya. Wenyeji wetu waliandaa mashindano ya watoto ya kujenga kwa mchanga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Tulikwenda kutazama tu, lakini watoto wetu wakaomba kushiriki. Vifaa vilikuwa ndoo, vibao, sahani kuukuu na mikono. Kundi moja lilijenga msikiti wenye mnara, jingine mtumbwi, na wadogo wawili wakafanya mamba, mgongoni wamempanga vikokoto. Kusema kweli mamba yule aliwapita wote kwa uzuri, na maneno yakaanzia hapo.

Katika hukumu hatuna jipya. Wanavyuoni walio wengi wamekataza sanamu za vyenye roho. Jengo, mti na chombo havina ubaya. Wengi wao vilevile wametoa ruhusa katika vichezeo vya watoto, kwa kutegemea habari ya Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake, akiwemo farasi mwenye mabawa. Wapo pia miongoni mwa Maliki, kama Asbagh, waliotofautisha kinachodumu na kisichodumu. Mamba wa mchanga aliyefanywa na watoto na kuondoka na mawimbi jioni ile, kwa maoni yetu, si wa kugombanisha watu wazima. Hata hivyo, kwa kuchunga nyoyo za wazazi, tunashauri mashindano yajayo yawe ya majengo na vyombo tu.

Lakini yasifutwe! Wanaosema huu ni upuuzi wa kuiga Wazungu wakumbuke kwamba Kuwait mwaka 2014 ilikusanya mafundi wa nchi nyingi kujenga kwa mchanga visa vya Alfu Lela Ulela, na huko Puri, India, Sudarsan Pattnaik amepata jina duniani kwa kazi hii hii. Tena kuna elimu ndani yake. Mnara wa watoto wetu ulianguka mara mbili kwa sababu walichota mchanga mkavu wa juu. Binti mmoja wa Ujiji akawaambia wachimbe chini, wapate ule mbichi, waushindilie ndani ya ndoo isiyo na kitako. Maji kidogo kati ya punje ndiyo yanayoushika mchanga, yakizidi, unatiririka. Somo hilo halikuhitaji ubao wala chaki.

Tulichosikitikia sisi ni kingine. Tulisafiri kwa treni kilomita 400 hivi, tukaoneshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na watoto wakafurahi. Lakini tulipouliza ni nani amewahi kufika Kwihara, mikono iliyonyanyuka ilikuwa michache mno. Kwihara, ambako hao wawili walirudi pamoja Februari 1872, na Livingstone akakaa hadi Agosti! Ni nje kidogo tu ya mji wetu.

Tembe lile ni la udongo. Kuta zake nene na milango yake ya nakshi ya pwani ni kumbukumbu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya pembe na ya watumwa, na hilo la watumwa watoto wasifichwe. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO, Kwihara ikiwemo. Ila orodha haizuii mvua. Nyumba ya udongo isipokandikwa huliwa kidogo kidogo, na kazi ya kukandika, waliyoijua babu zetu wa Unyamwezi tangu utotoni, sasa ina wazee wachache. Vijana tunajua tofali na bati.

Huko Mali, msikiti mkuu wa Djenné, uliojengwa upya mwaka 1907, ni wa udongo pia. Umesimama kwa sababu kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika, vijana wakibeba matope mbio mbio na kupanda kwenye vijiti vilivyotokeza ukutani. Watoto wa kule hukua wakiijua kazi ile.

Basi ombi letu kwa kamati ya chuo ni kwamba ziara ijayo iwe Kwihara, na kabla ya mvua za Novemba aalikwe mzee mmoja anayejua kazi, awasimamie wanafunzi wajenge tembe dogo uani, miti, fito, udongo na paa lake bapa. Washindane makundi kwa makundi, kisha tuone baada ya masika ni ukuta wa nani umebaki. Udongo upo nyuma ya chuo. Wazazi wenye fito za ziada, tafadhali wasizichome.