Singeli ya jukwaani inahitaji saa moja

Muziki ulioiva uswahilini, kuanzia Manzese na Tandale hadi Mbagala jijini Dar es Salaam, umeshatoka nje ya vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliobeba kazi za studio ya Mburahati, na milango ya matamasha ya Ulaya ikafunguka. Lakini uhondo wa studio haupatikani kila mara jukwaani, hasa msanii anapoachana na biti iliyokwisha kupikwa akaamua kurekodi kinanda au sauti ya MC palepale na kuirudia kwa kifaa cha lupu. Naamini hilo ndilo jambo bora linaloweza kuitokea singeli, ila kwa sharti moja: kifaa hicho kifuate saa ya sekwensa inayopiga ngoma, kisijihesabie chenyewe.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye 300, pigo moja ni sehemu ya tano tu ya sekunde. Mguu ukichelewa kidogo kukanyaga swichi, lupu ikafungwa kwa mwendo wa 299.9, mwanzoni hakuna atakayeshtuka. Baada ya dakika 5 itakuwa imebaki nyuma kwa nusu pigo, na kinanda kitalia mahali ambapo ngoma imenyamaza. Katika muziki wa taratibu kuchelewa huko kwa sehemu ya kumi ya sekunde hakuangushi wimbo. Kwenye singeli kunauvunja kabisa. Na dawa ipo tangu 1983, ilipozinduliwa MIDI, lugha ambayo vifaa vya muziki huwasiliana kwayo: sekwensa hutuma ishara 24 kwa kila pigo, na kifaa cha lupu huzitumia kujua kianze wapi na kirudie lini.

Wapo watakaosema saa ya mashine itaua roho ya mtaa. Watatukumbusha mchiriku, mzazi wa singeli, na kundi kama Jagwa Music lililotikisa watu kwa kinanda kidogo cha Casio na ngoma za mkono bila waya wowote wa saa. Hoja hiyo ina uzito, na sipendi ipuuzwe. Ila wapigaji wa mchiriku walikuwa wakisikilizana. Mmoja akikimbia, wenzake walimfuata au walimrudisha. Lupu haina masikio. Ikishafungwa, hurudia kosa lile lile hadi mtu aizime, na saa ndiyo njia pekee ya kuifanya imsikilize mwenzake. Wala mwendo haulazimiki kuganda: anayeshika sekwensa anaweza kuupandisha MC anapochemka, na kifaa chenye uwezo wa kunyoosha sauti kitapanda naye.

Gharama nayo inatajwa, na ni kweli vifaa vya lupu vyenye tundu la MIDI si vya bei ya kinyonge. Hata hivyo maprodyuza wengi tayari wana laptopu, na programu moja inaweza kubeba ngoma na lupu pamoja, chini ya saa ile ile. Kinachopungua ni mafunzo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ingeweza kuyaleta Temeke na Kinondoni kwa kozi fupi za wikiendi, zikifundishwa na maprodyuza wenyewe wa singeli, kwa laptopu zile zile wanazotumia kila siku.